MAZUNGUMZO YA JIONI: Taa Moja ya Aisilandi



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza habari za taa nyumbani, jinsi ya kukata utambi wake na kusafisha kioo chake ili isitoe moshi. Tangu hapo tumeulizwa swali moja na wasomaji zaidi ya mmoja, nalo ni hili: Katika nchi zile za kaskazini ambako baridi hukaa nusu ya mwaka, na jua huonekana saa chache tu kwa siku, watu hufanya nini nyumbani mwao usiku ule wote? Je, hulala tu, kama mnyama aliyejificha pangoni?

Swali hili limetupendeza. Lakini nchi za baridi ni nyingi, na kila moja ina desturi zake. Basi ili tusipotee njiani tumechagua moja tu, nayo ni kisiwa cha Aisilandi. Tumekichagua kwa sababu watu wake wa zamani waliugeuza usiku wao mrefu kuwa chuo, hali chuo chenyewe hakikuwako. Tena watu wa kisiwa hicho si wageni kabisa kwetu, maana wamisionari wao walifika Konso katika nchi ya Ethiopia mwaka 1954, na baadaye, mwaka 1978, wakaanza kazi Pokot katika Kenya.

Aisilandi iko mbali sana upande wa kaskazini, baharini kati ya Norwe na Greenland. Ina milima itokayo moto, na nyanda za barafu zisizoyeyuka hata wakati wa joto. Watu wake hawakuwa wengi wakati wo wote: mwaka 1901 walikuwa kama 78,000, na hata sasa ni kama laki nne tu. Kalenda yao ya kale ina majira mawili, kiangazi na baridi, basi. Baridi huanza siku ya Jumamosi mwishoni mwa Oktoba, na kiangazi huanza siku ya Alhamisi katika Aprili, kati ya tarehe 19 na 25. Nao wazee wao walihesabu umri wa mtu kwa majira ya baridi aliyoyapita, wakasema, Huyu ana baridi kumi na mbili, yule ana baridi sitini, kana kwamba kiangazi hakikustahili kuhesabiwa. Tarehe 21 Desemba katika mji wa Reykjavík jua huchomoza saa tano na dakika ishirini ya asubuhi, na kufika saa tisa na nusu limekwisha kutua. Sisi tukaao karibu na ikweta, ambao jua letu halichelewi hata kwa saa moja mwaka mzima, twapata shida kuliwaza jambo hili. Ni kana kwamba mtu amemaliza chakula cha mchana, akaambiwa, Haya, usiku umeingia.

Nyumba zao za zamani zilijengwa kwa mawe na mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na majani na mizizi yake. Miti ya kisiwa ni michache na midogo, na mbao nyingi ziliokotwa pwani, zimeletwa na mawimbi kutoka nchi za mbali. Juu ya paa majani yaliendelea kuota mabichi, hata mtu akitazama kwa mbali aliona kama vichuguu vilivyopangana. Ndani mlikuwa na chumba kimoja kirefu kilichoitwa badstofa. Vitanda vilifuata kuta huku na huku, watu wawili wawili katika kitanda kimoja: bwana na bibi wa nyumba, watoto, wazee, na watumishi wote pamoja. Mchana kitanda kilikuwa kiti, na juu yake mtu alikula, akafanya kazi, akajifunza. Katika nyumba nyingi chumba hicho hakikuwa na moto hata kidogo, kwa kuwa kuni zilikuwa haba. Joto lilitoka katika miili ya watu wenyewe. Na mahali pengine ng'ombe walifungwa chini ya sakafu ili joto lao lipande juu. Hewa ilikuwa nzito, na magonjwa ya kifua yaliwapata wengi. Twayasema haya mapema, msomaji asidhani ya kuwa twamsimulia habari za peponi.

Sasa twafika kwenye taa. Ilikuwa bakuli dogo lenye mafuta ya maini ya papa, au mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini, na utambi wake ulikuwa nyuzi nyeupe mfano wa pamba, zichumwazo katika majani yaotayo mabwawani. Mafuta hayo yalikuwa mali. Yaliweza kuuzwa kwa wafanya biashara, kwa hiyo kuyachoma ovyo ilikuwa sawa na kuchoma fedha. Basi giza lilipoanza kuingia hawakuwasha taa upesi. Watu wazima walijilaza kitambo vitandani katika utusitusi, na bibi wazee wakawasimulia watoto hadithi kwa sauti ndogo. Hata giza lilipokuwa totoro, ndipo taa ilipowashwa, na watu wote wakaamka, kila mtu akashika kazi yake. Huo ndio mwanzo wa jioni yenyewe, ambayo wao waliiita kvöldvaka, maana yake kukesha jioni.

Kazi kubwa ilikuwa sufu ya kondoo. Mmoja aliichambua, mwingine akaichana, wa tatu akasokota uzi, wa nne akafuma soksi kwa sindano. Wanaume walisuka kamba kwa singa za farasi, wakachonga vijiko vya pembe na mabakuli ya mbao yenye vifuniko, maana kila mtu alikuwa na bakuli lake la chakula. Lakini wanaume nao walifuma soksi na glavu, wala haikuwa aibu. (Jambo hili twaliandika makusudi kwa ajili ya ndugu zetu fulani ambao kifungo kikikatika katika shati hukaa siku tatu wakimngoja mke arudi safarini.) Soksi hizo hazikuwa za kuvaa nyumbani tu. Kisiwa kilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na tangu mwaka 1602 hata mwaka 1787 hawakuruhusiwa kufanya biashara na mtu ila wafanya biashara aliowaweka yeye. Na sufu iliyofumwa ilikuwa mojawapo ya vitu vichache walivyoweza kuwapelekea ili wapate nafaka na chuma.

Wakati mikono yote ilipokuwa kazini, mtu mmoja hakushika kazi. Huyo aliketi karibu kabisa na taa, akasoma kwa sauti. Wasokotao na wafumao hawakuhitaji mwanga mwingi, kwa kuwa vidole vyao viliijua njia. Mwanga ulikuwa wa kitabu kwanza. Pengine alikuwa bwana wa nyumba, pengine binti, pengine mtumishi, yeye aliyekuwa na sauti njema. Pengine alikuwa mgeni, maana walikuwako watu waliotembea toka shamba hata shamba wakati wa baridi wakiimba tenzi ndefu za mashujaa, ziitwazo rimur, nao walipewa chakula na mahali pa kulala kwa ajili ya sauti yao tu. Msomaji wa pwani ataelewa upesi, kwa kuwa amekwisha kuona watu wazima wakinyamaza kimya pale mjuzi mmoja aimbapo utenzi.

Vitabu vilivyosomwa ni saga, yaani habari za wazee wao wa kwanza waliohamia kisiwani, vita vyao na mashauri yao barazani, zilizoandikwa tangu karne ya 12 na 13. Nyingi hazikupigwa chapa kwa muda mrefu. Watu walizinakili kwa mkono, na wakulima wengine waliendelea kuzinakili hata karne ya 19. Mwishoni mwa jioni kitabu cha saga kilifungwa, kikafunguliwa kingine: mahubiri ya nyumbani, na wimbo, na sala. Kitabu cha mahubiri kilichopendwa kuliko vyote ni kile cha Askofu Jón Vídalín, kilichopigwa chapa miaka ya 1718 hata 1720. Na wakati wa Kwaresima waliimba tenzi hamsini za Mateso ya Bwana zilizotungwa na kasisi Hallgrímur Pétursson, zilizotolewa kwanza mwaka 1666. Bwana wa nyumba asiyefanya ibada hiyo alisemwa na majirani.

Vitabu vitakatifu vyenyewe havikupatikana kwa urahisi. Agano Jipya la kwanza katika lugha yao lilipigwa chapa katika mji wa Roskilde, Denmark, mwaka 1540, nalo ni kazi ya kijana aitwaye Oddur Gottskálksson. Yasimuliwa ya kuwa alikuwa akimtumikia askofu wa kale asiyependa mafundisho mapya, basi akaifanya kazi yake ya kufasiri katika zizi la ng'ombe, mahali ambapo askofu hakuwa na desturi ya kuingia, tena penye joto. Biblia nzima ilifuata mwaka 1584 kwa juhudi ya Askofu Guðbrandur Þorláksson, mahali paitwapo Hólar. Zilipigwa chapa Biblia 500 tu, na bei ya moja ilikuwa kama ya ng'ombe wawili au watatu. Fikirini, akina baba, ni nani kati yetu angeswaga ng'ombe watatu kwenda kanisani akarudi na kitabu kimoja?

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo walimu wenzetu watalipenda, au labda watabishana nasi. Mwaka 1741 mfalme wa Denmark alimtuma mtu mmoja wa kanisa aitwaye Ludvig Harboe kukagua hali ya mafundisho kisiwani. Alikaa hata mwaka 1745, akazunguka akiwapima watu, akaona ya kuwa wengi bado hawajui kusoma. Mwaka 1746 ikatoka amri ya mfalme juu ya nyumba zote: wazazi wawafundishe watoto wao, ibada ifanyike kila siku, na makasisi wazitembelee nyumba na kuangalia. Kasisi alikwenda na daftari, akaandika majina ya watu wa kila nyumba, na kando ya jina akaandika kama mtu huyu ajua kusoma, na jinsi alivyoshika Katekisimo. Mtoto asiyejua hakupewa Kipaimara. Shule za watoto zilikuwa karibu hakuna. Mashamba yalikuwa mbali mbali, njia zimezibwa na theluji. Kwa hiyo kazi yote iliangukia juu ya mama na bibi, kitandani, kando ya taa ya mafuta ya papa. Na zaidi ya hayo, mwaka 1783 ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, ikatapika moto muda wa miezi minane. Majani yakaingia sumu, kondoo wengi wakafa, na katika njaa iliyofuata alikufa yapata mtu mmoja katika kila watano. Pamoja na msiba huo wote, karne ya 18 ilipokwisha, watu wazima walio wengi walijua kusoma.

Tumeyatafakari haya sana, maana wengi wetu twadhani ya kuwa pasipo darasa, na ubao, na mshahara wa mwalimu, hakuna kusoma. Lakini amri ile ya mwaka 1746 ilisema na neno jingine: ya kwamba saga na tenzi za mashujaa ni mambo yasiyofaa, watu waache kuzisoma, wasome vitabu vya dini peke yake. Wala haikuwa mara ya kwanza. Askofu Guðbrandur mwenyewe alizilaumu, na mwaka 1612 akatoa kitabu cha mashairi ya Kikristo ili kizifukuze tenzi zile katika nyumba. Hazikufukuzika. Watu waliwasikiliza viongozi wao kwa heshima, wakasoma mahubiri, wakaimba tenzi za Mateso, na saga wakaendelea nazo vilevile.

Sisi tulio walimu wa dini twawaelewa viongozi wale. Twajua jinsi hadithi ya vita inavyoweza kuujaza moyo wa kijana hata sala ikakosa nafasi. Lakini tukipima mambo kwa haki, twaona ya kuwa mfalme na maaskofu walikosea katika hili. Mtoto aliyesikia hadithi ikikatwa mahali pa hatari kwa sababu mafuta yamekwisha, kesho yake hakuhitaji fimbo ili akitafute kile kitabu na kuijua ile herufi. Daftari la kasisi lilimlazimisha mzazi kufundisha. Saga ilimfanya mtoto atake kufundishwa. Kimoja pasipo kingine tusingetazamia matunda yale. Wako walimu kati yetu wanaomnyang'anya mtoto kitabu cha hadithi na kumrudishia kitabu cha maswali, kisha wakashangaa mbona hapendi kusoma. Twawaomba walifikiri jambo hili, kabla ya kutuandikia.

Kuandika kulikuwa habari nyingine. Amri ilitaka kusoma, haikutaka kuandika, na karatasi ilikuwa ghali. Vijana waliotamani kuandika walijizoeza kwa kijiti juu ya theluji na barafu, kama vile wengi wa baba zetu walivyoanza kwa kidole juu ya mchanga. Wasichana wengi walikatazwa kabisa, wakaambiwa kalamu si kazi yao. Na wengine walijifunza kwa siri.

Tena tusiufiche upande wa pili. Kvöldvaka haikuwa mchezo tu. Mtoto wa miaka minane alipimiwa kazi yake ya kufuma, naye hakulala mpaka imekwisha. Katika juma la mwisho kabla ya Noeli kazi ilizidi, kwa kuwa kila kitu kilipaswa kumalizika kabla ya sikukuu, na yasimuliwa ya kuwa watu waliosinzia waliwekewa vijiti vidogo katika kope za macho ili zisifumbe. Tena watoto waliogopeshwa kwa habari za Paka wa Noeli, mnyama mkubwa kama ng'ombe, azungukaye usiku wa sikukuu akiwatafuta wale wasiopata vazi jipya, awale. Maana yake yajulikana: Maliza soksi yako! Hatupendi kuwatisha watoto kwa mazimwi. Lakini twakiri ya kuwa paka yule aliwavisha watu wengi.

Na michezo ilikuwako. Wa kwanza ulikuwa wa mashairi: mtu alitoa ubeti mmoja kwa moyo, na mwenzake alipaswa kujibu kwa ubeti uanzao kwa herufi ile iliyomaliza ubeti wa kwanza, hivyo hivyo mpaka mmoja akwame. Mtoto mwenye beti mia kichwani aliweza kumshinda mzee. Twashauri mchezo huu ujaribiwe katika nyumba zetu kwa beti za Kiswahili, ijapokuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, basi afadhali tuitumie silabi ya mwisho badala ya herufi. Mchezo wa pili ulikuwa wa watoto wadogo, nao utawachekesha wachungaji wetu: walikusanya mifupa na pembe, wakajenga shamba kando ya kitanda. Pembe zilikuwa kondoo, mataya yalikuwa ng'ombe, mifupa ya miguu ilikuwa farasi. Watoto wetu hufinyanga ng'ombe kwa udongo. Wale udongo wao ulikuwa umeganda kama jiwe.

Watu wazima walipigana mieleka yao, iitwayo glíma, wakacheza na sataranji. Kaskazini ya kisiwa kikubwa kiko kisiwa kidogo kiitwacho Grímsey, penye mstari ule wa dunia ambapo jua la Juni halitui usiku kucha. Watu wa huko walisifiwa sana kwa mchezo wa sataranji. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Willard Fiske, alikiona kisiwa hicho toka chomboni mwaka 1879, wala hakushuka; lakini habari zake zikamkaa moyoni, hata akawapelekea watu wale sataranji, moja kwa kila shamba, na vitabu pia, na alipokufa mwaka 1904 akawaachia fedha nyingi. Mpaka leo huikumbuka siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Novemba. Hakuwahi kukanyaga pwani yao hata mara moja.

Msidhani, lakini, ya kuwa watu hawa walikaa ndani siku zote. Kutoka nje mlangoni peke yake kulikuwa safari. Mtu aliyeazima kitabu kwa jirani alivaa viatu vya ngozi, akavuka mlima wenye theluji, na kama tufani ikimkuta njiani hakuona hata mkono wake. Mwishoni mwa Januari wanaume wengi waliacha nyumba zao wakatembea siku nyingi kwenda pwani kuvua, kwa kuwa majira ya uvuvi wa baridi yalianza tarehe 2 Februari. Walivua katika mashua zisizo na sitaha, kwa makasia. Mashua ilipokwisha kutoka gatini walivua kofia wote, wakasali, ndipo wakapiga makasia. Wengi hawakurudi.

Na kuna habari ya mtu mmoja ambayo twaipenda kuliko zote. Jina lake Benedikt Sigurjónsson, mtumishi wa shamba upande wa kaskazini na mashariki. Wakati wa joto kondoo hupandishwa milimani wajitafutie malisho, na wakati wa vuli hukusanywa wote. Lakini kila mwaka wachache husahauliwa, na baridi ikiwakuta huko hufa. Kwa sheria kondoo wale hawakuwa wake. Walakini yeye alikuwa na desturi, kila mwaka wakati wa Majilio, kupanda nyikani peke yake kuwatafuta. Hakuwa peke yake kabisa: alikwenda na mbwa wake Leó, na beberu wa kondoo aliyehasiwa, jina lake Eitill. Eitill alikuwa wa ukoo ule wa kondoo waongozao wenzao, ambao Aisilandi husifiwa kwao: huijua njia chini ya theluji, na husikia tufani kabla haijaja, wakakataa kutoka zizini. Katika Desemba mwaka 1925 walipatwa na tufani kali, wakakaa nyikani siku nyingi, hata watu wakawahofia, wakarudi wazima. Mwandishi Gunnar Gunnarsson akaitumia habari hiyo kutunga kitabu chake kidogo kiitwacho Advent, kilichotolewa mwaka 1936 na kufasiriwa katika lugha nyingi. Wasomaji wetu wanaujua mfano wa kondoo mmoja aliyepotea, wala hawahitaji sisi tuwaeleze. Tunalotaka kusema ni hili tu, kwamba katika mfano ule wa Injili hatuambiwi kama mchungaji alikwenda na mbwa. Na sisi tangu tuisome habari hii twapenda kufikiri ya kuwa alikuwa naye.

Desturi ya kvöldvaka ilikufa polepole. Yalikuja mafuta ya taa, na kila mtu akaweza kuwa na taa yake na kitabu chake, akasoma kimya. Zikaja mashine za sufu, na watu wakahamia mijini. Mwaka 1907 ikatoka sheria ya shule kwa watoto wote toka miaka kumi hata kumi na minne. Na hata sheria hiyo ilitazamia ya kuwa mtoto akifika miaka kumi amekwisha kufundishwa kusoma nyumbani kwao. Mwaka 1930 ikaanza redio ya taifa, na sauti ya msomaji mmoja ikaingia katika nyumba zote kwa pamoja. Redio hiyo huzisoma tenzi za Hallgrímur Pétursson kila Kwaresima, utenzi mmoja kila jioni, na mazoea hayo yana umri wa miaka zaidi ya themanini. Tena vitabu vipya vya kisiwa hicho hutolewa kwa wingi katika miezi ya mwisho ya mwaka, ili watu wapeane usiku wa Noeli.

Katika miji iliyo kati ya milima mirefu, kama Ísafjörður, jua hufichwa kabisa kwa muda wa miezi miwili. Linapochungulia tena juu ya mlima, mwishoni mwa Januari, watu hupika chapati nyembamba za maji, wakanywa kahawa pamoja, nayo huitwa kahawa ya jua. Lakini baridi yenyewe ingali mbele yao miezi mitatu. Ndipo hufika ule usiku wa mwisho kabla ya Alhamisi ya kiangazi. Zamani usiku huo walitoa nje bakuli la maji, wakaliacha. Maji yakiganda, walisema baridi na kiangazi vimegandamana, na maziwa ya mwaka huo yatakuwa mazuri. Basi asubuhi na mapema, kabla watu hawajapeana zawadi za kiangazi, ambazo kwao ni za kale kuliko zawadi za Noeli, mtu mmoja alitoka mlangoni na kuinama kulitazama bakuli.